Mtu mzima na hesabu: Tusimfananishe na samaki

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni methali nzuri kwa malezi ya watoto, lakini siku hizi wapo wanaoitumia kumkatisha tamaa mtu mzima aliyerudi darasani. Mfanyakazi wa miaka 40 anajiunga na chuo akitafuta shahada ya sayansi au ya uchumi. Huko anakutana na kalkulasi, ile hesabu ya mambo yanayobadilika, na baada ya muhula mmoja anafunga daftari. "Kichwa kimeshakauka," anasema. "Nasoma leo, kesho sikumbuki kitu."

Nchi yetu iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako mtu anaweza kusoma bila kuacha kazi yake. Baada ya milango kufunguliwa hivyo, ni hasara kubwa mtu kurudi nyuma, ada ameshalipa, kwa sababu tu anasahau.

Kusahau si ugonjwa wa uzee. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba mtu husahau mengi katika saa za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Aliona pia jambo la kutia moyo: alichokisahau, akikirudia, alikipata kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Katika jaribio moja, marudio 38 aliyoyagawa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 aliyoyafanya kwa mfululizo.

Sasa mtazame mwanafunzi wetu. Jumamosi anakaa na kitabu saa sita, halafu hakigusi tena hadi Jumamosi nyingine. Nusu saa kila jioni ingemfaa zaidi. Tena anasoma mifano iliyokwisha kukokotolewa, anaitikia kwa kichwa, anadhani ameelewa. Afunike jibu, achukue karatasi tupu, akokotoe mwenyewe.

Vilevile atafute maana. Anakariri kwamba x mraba hubadilika kwa kasi ya 2x, na wiki ya pili imemtoka. Basi afikirie kiwanja cha mraba, kila upande meta 10. Asogeze nje mipaka miwili inayokutana kwenye kona, kwa unene wa kidole tu. Kiwanja kimeongezeka vipande viwili vyembamba, kila kimoja kina urefu wa meta 10, pamoja na kijipembe kidogo mno cha kona. Meta 10 mara mbili, ndiyo hiyo 2x. Aliyeliona hilo, hata akisahau kanuni, ataipata tena bila kufungua kitabu.

Jambo la mwisho. Wengi hawaangushwi na kalkulasi yenyewe. Wanaangushwa na sehemu, vipeo na aljebra walizoziacha sekondari miaka 20 iliyopita. Kurudia kitabu cha kidato cha pili si aibu. Hakuna fundi anayeezeka nyumba kabla ya kusimamisha kuta.

Na sisi tunaomzunguka tuna wajibu wetu. Nyumbani apewe nusu saa yake bila kutumwa huku na kule. Kazini tuache kumwita babu kila anapofungua daftari wakati wa chai. Samaki akishakauka hakunjiki, lakini anayezungumzwa hapa ni binadamu, na binadamu hujifunza hadi siku anapoamua mwenyewe kuacha.