LUGHA YA ISHARA NI LUGHA YA JIRANI YETU

Hotuba kwa wakazi wa Dzaleka, Siku ya Kimataifa ya Lugha za Ishara, 23 Septemba



Tangu kambi hii ilipofunguliwa mwaka 1994, tumejifunza lugha za wenzetu. Mkongomani amejifunza Kichewa sokoni. Mrundi, Mnyarwanda na Msomali wanaelewana kwa Kiswahili. Hatukungoja shule, shida ilitufundisha. Lakini lugha moja tunaipita kila siku: lugha ya ishara.

Tazameni siku ya mgao. Majina yakiitwa kwa sauti, kiziwi aliyepanga mstari tangu alfajiri hajui kwamba lake limeshapita. Kwenye mahojiano ya ukimbizi hatari ni kubwa zaidi. Ndugu au jirani anajibu kwa niaba yake, na mambo mazito ya safari yake yanafupishwa kwa maneno mawili. Yapo mambo ambayo mama hawezi kuyasema mbele ya jirani. Kesi ni yake, lakini anayesikika ni mwingine.

Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi walioishi mijini warudi kambini. Fikirini kiziwi aliyekuwa na biashara yake Chinsapo, Lilongwe, ambako wateja walishazoea ishara zake. Akifika hapa anaanza upya, kwa mtaji na kwa mazungumzo pia.

Wengine hudhani ishara ni kubahatisha kwa mikono. Sivyo. Ni lugha kamili yenye sarufi: umbo la mkono, mahali unapowekwa, mwendo wake, na uso. Nyusi zikibadilika, maelezo yanaweza kuwa swali. Wala si lugha moja dunia nzima. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alifungua shule ya viziwi Ghana mwaka 1957, kisha nyingine katika nchi nyingi za Afrika, ikiwemo Zaire ya wakati ule. Alifariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Kwa hiyo kiziwi aliyesoma Kongo anaweza kuwa na ishara tofauti na za Mmalawi aliyesoma shule ya viziwi ya Mua, Dedza. Nao hujifunza wao kwa wao, kama sisi.

Majirani wametutangulia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaagiza lugha ya ishara iendelezwe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Ikiwa inafaa Bungeni, kwenye mstari wa mgao itashindwaje?

Ndugu zangu, naomba mambo matatu. Kwanza, walimu wetu wawe viziwi wenyewe, maana lugha ni yao. Pili, kila jumuiya itoe watu wawili wa kujifunza, mmoja awe mwanamke. Tatu, wazazi wenye mtoto kiziwi waanze mapema. Mtoto asiye na lugha nyumbani ni mkimbizi mara mbili.

Leo, kabla ya kuondoka, kila mmoja ajifunze salamu moja na jina la jirani mmoja. Ukitaka kumwita, mguse bega au mpungie mkono, simama penye mwanga, umtazame yeye, si mkalimani wake.