Tovuti ni Kikoa: Umiliki na Matunzo ya Tovuti za Asasi za Kijamii



Neno tunalotumia katika Kiswahili kutaja jina la tovuti kwenye intaneti ni kikoa. Kabla halijaingia kwenye kompyuta, neno hili lilikuwa na maana yake jamvini: watu kula pamoja kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, kila mmoja akiijua siku yake. Wataalamu walioliazima wawe walikusudia au hawakukusudia, maana ile ya zamani ndiyo inayoeleza vizuri kuliko zote kwa nini tovuti nyingi za asasi zetu hufa zikiwa changa. Kikoa huvunjika siku zamu inapokosa mwenyewe, hata kama mtaa umejaa wapishi hodari. Hoja yangu katika mada hii ni moja tu: tovuti ya asasi ni mali ya asasi, sawasawa na daftari la wanachama au akaunti ya benki, na ni lazima imilikiwe, ikabidhiwe na ikaguliwe kwa taratibu zilezile. Maswali ya rangi, ya programu na ya fundi gani aitwe huja baadaye, na kwa kweli ni mepesi kuliko tunavyoyaogopa.

Tuanze na kufa kwenyewe. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa matokeo ya uchunguzi wake wa kurasa za wavuti: katika kurasa zilizokuwapo mwaka 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Huo ni wavuti mzima, pamoja na kampuni zenye idara nzima za kompyuta. Kwa asasi ya kijamii njia ya kaburini inajulikana. Mradi unapata ufadhili, na katika bajeti kuna mstari mmoja wa kutengeneza tovuti, lakini hakuna mstari wa kuitunza. Fundi anaitwa, anasajili kikoa kwa barua pepe yake mwenyewe, anakodi nafasi kwenye seva kwa kadi yake, na nywila anamwachia kijana anayejitolea ofisini. Tovuti inazinduliwa, picha zinapigwa. Mradi unakwisha, kijana anapata ajira mkoa mwingine, na taarifa za kudai ada ya mwaka zinaingia kwenye sanduku la barua pepe ambalo hakuna mtu wa asasi anayelifungua. Kwa majina yanayoishia na .org au .com, muda ukipita mwenye jina kwa kawaida huwa na hadi siku 45 za kulipa kama kawaida, kisha siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa zaidi, kisha jina huachiwa na yeyote duniani aweza kulichukua. Majina yaliyokwisha kupata wageni wake yana wawindaji. Jina lililokuwa la kituo cha kulea yatima linaweza kuamka asubuhi moja likitangaza kamari, huku vipeperushi vya kituo na kadi za viongozi wake zikiendelea kuwaelekeza watu huko.

Wengine husema kwamba jina ni jina tu. Likipotea tutasajili jingine. Sikubaliani nao, na ushahidi ninaouona kuwa mzito ni mkasa wa .org yenyewe. Novemba 2019 ilitangazwa kwamba rejesta inayosimamia majina yote ya .org, ambayo ndiyo makao ya asasi nyingi zisizo za kibiashara duniani, ingeuzwa kwa kampuni ya uwekezaji iitwayo Ethos Capital kwa dola bilioni 1.135 za Marekani. Asasi za nchi nyingi zilipinga, zikihofia bei na uhuru wao, na tarehe 30 Aprili 2020 ICANN, chombo kinachoratibu majina ya intaneti, kikakataa kuidhinisha mauzo hayo. Wafanyabiashara walikuwa wamepiga hesabu ya thamani ya majina yetu kabla sisi wenyewe hatujaipiga. Thamani hiyo inatokana na kuaminika: mfadhili, afisa maendeleo ya jamii, mama anayetafuta kliniki, wote walikwisha kulizoea jina. Kusajili jina jipya ni kuanza upya kujitambulisha kwa kila mmoja wao.

Kwa hiyo umiliki ndio msingi wa nyumba. Kikoa, kiwe cha .org au cha or.tz, kisajiliwe kwa jina la asasi kama lilivyoandikwa kwenye cheti chake, wala si kwa jina la fundi, mwenyekiti au mfadhili. Barua pepe ya usajili iwe ya asasi na isomwe na watu wawili au watatu wenye nyadhifa. Hapa kuna jambo dogo ambalo hata mafundi hulisahau: barua pepe hiyo isiwe imejengwa juu ya kikoa kilekile, maana kikoa kikisimama nayo husimama, na onyo la mwisho halitamfikia mtu. Ada ilipwe kwa miaka kadhaa pamoja pale fedha zinapokuwapo; jina la .org laweza kulipiwa hadi miaka 10. Nywila zote, tarehe za mwisho wa malipo na jina la kampuni iliyotukodisha seva viandikwe katika hati ya makabidhiano ambayo katibu anayetoka humkabidhi katibu anayeingia, siku ileile anayokabidhi mihuri na vitabu vya stakabadhi. Na mkaguzi wa ndani, anapouliza zilipo pikipiki za mradi, aulize pia kilipo kikoa.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba tovuti imepitwa na wakati, kwa kuwa wanachama wetu wote wako WhatsApp na ukurasa wetu wa Facebook una wafuasi wengi. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli tupu. Kikundi cha wakulima hakitangazi kikao kwenye tovuti. Kinatuma ujumbe kwenye kundi, na kinafanya vyema. Lakini kundi la WhatsApp ni baraza, na asasi inahitaji pia masijala. Anayejiunga na baraza leo hakusikia yaliyosemwa mwaka jana, na asiye mwanachama haingii kabisa. Tena baraza lenyewe limo ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita, kwa kuwa ni vya mwenye nyumba mmoja. Tarehe 2 Aprili 2019 Google iliufunga mtandao wake wa Google+ kwa watumiaji wa kawaida, na waliokuwa wamejenga kurasa zao humo wakaambiwa wabebe vyao waondoke. Nchini Uganda Facebook ilifungwa Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na kufungwa huko kukaendelea kwa miaka. Asasi iliyokuwa na ukurasa wa Facebook tu ikajikuta haina anwani. Si kwamba tovuti haiwezi kufungwa. Tofauti ni kwamba mwenye kikoa chake na nakala ya kurasa zake anaweza kuhamia seva nyingine bila kubadili anwani. Kuna na sheria: Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya Tanzania ya mwaka 2002 inalitaka shirika liandae taarifa ya shughuli zake ya kila mwaka na kuifanya ipatikane kwa umma. Taarifa iliyozama chini ya maelfu ya jumbe za salamu za asubuhi haijapatikana kwa umma.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yanataka fedha na utaalamu ambao asasi ndogo haina. Jibu langu ni kujenga kidogo. Makosa yetu mengi ya matunzo yameshonwa ndani ya ukubwa tuliouagiza siku ya kwanza: picha zinazopishana, ramani, video, ukurasa wa habari mpya, ukurasa wa matukio, ukurasa wa ajira. WordPress, programu huria iliyotolewa mwaka 2003, imewasaidia watu wengi kujenga bila kulipia programu, nami siipingi. Lakini kila kiungo cha ziada kinachobandikwa juu yake kinadai kusasishwa, na kisiposasishwa huwa dirisha lililoachwa wazi. Wavamizi hawaichagui asasi kwa ubaya wake. Programu zao huzunguka zikijaribu kila dirisha la kila nyumba. Asasi isiyo na mtu wa kufanya usasishaji huo kila mwezi itatunzwa vizuri zaidi na kurasa tano za maandishi matupu, zisizo na hifadhidata nyuma yake: sisi ni nani, tunafanya nini na wapi, viongozi ni akina nani, taarifa za mwaka ziko hapa, tupigie namba hii. Tovuti ya kwanza duniani, aliyoiweka Tim Berners-Lee kule CERN, ilikuwa ya namna hiyo, maandishi na viungo tu, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaiachia dunia teknolojia yake itumike bila malipo. Hata cheti cha usalama, ambacho tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huiita tovuti isiyo nacho kuwa si salama, hutolewa bure na Let's Encrypt. Kinachotakiwa ni kuhakikisha kinajihuisha chenyewe, maana uhai wake umekuwa wa siku 90. Wepesi huo ni heshima kwa msomaji pia. Picha moja kutoka kwenye simu, ikipakiwa bila kupunguzwa, hula megabaiti kadhaa za kifurushi cha mtu aliyenunua bando la siku. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora, kurasa nyepesi ndizo zilizokuwa na nafasi ya kufunguka.

Baada ya umiliki na udogo, inabaki zamu. Ukurasa wa habari mpya ambao habari yake ya mwisho ina miaka miwili huiaibisha asasi kuliko kutokuwa na ukurasa huo, kwa sababu mgeni huhitimisha kwamba asasi imekufa. Usiwekwe, mpaka awepo mtu mwenye jina na siku ya kuuandikia. Zamu isitungiwe kalenda mpya. Ifungwe kwenye vikao vilivyopo. Katika kila kikao cha kamati cha robo mwaka, katibu aisome tovuti kwa sauti mbele ya wajumbe: namba za simu bado zinapokelewa? Aliyeandikwa mhazini ndiye mhazini? Kisha nakala ya kurasa zote ihifadhiwe kwenye diski inayokaa ofisini. Usomaji huo una faida nyingine, nayo ni lugha. Tovuti nyingi za asasi zinazofanya kazi vijijini zimeandikwa Kiingereza peke yake, kwa kuwa zilijengwa zikimtazama mfadhili. Mwanachama anayetajwa kwenye ukurasa wa kwanza hawezi kusoma anachosemewa. Ikisomwa kwa sauti kikaoni, kasoro hiyo itaonekana siku ya kwanza. Kiswahili kitangulie, tafsiri ya wageni ifuate.

Usomaji wa pamoja pia huzuia dhara ambalo halirekebishiki kwa urahisi, la kuweka hadharani majina, nyuso na maradhi ya tunaowahudumia. Inasemwa kwamba picha ya mtoto mwenye shida huvuta michango. Huenda huvuta, lakini mtoto huyo atakuwa mtu mzima, na picha itakuwa imenakiliwa mahali asipopajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inaigusa asasi kama inavyoigusa kampuni, na Kenya ina sheria yake tangu 2019. Ridhaa iombwe, iandikwe, na anayeiondoa asikilizwe.

Nimesikia ikidaiwa kuwa taratibu kama hizi zitaua ari ya vijana wanaojitolea. Mimi naona zinawalinda. Kijana aliyebeba nywila zote peke yake hana likizo, na siku jambo linapoharibika lawama zote ni zake. Akikabidhi kwa hati, anaondoka kwa heshima.

Ndugu washiriki, nawaomba jambo moja mkirudi ofisini. Kabla ya kumtafuta fundi wa kuipamba tovuti, muulizeni msajili wa kikoa chenu: jina hili limeandikwa kwa nani, na muda wake unakwisha lini? Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kijacho.