Majogoo Wachanga na Mitetea Katika Ua Mmoja

Jioni hii napenda kuzungumza nanyi juu ya mapora, yaani majogoo wachanga ambao hawajakomaa.

Koo akiangua vifaranga kumi, yatazamiwa kuwa karibu nusu yao watakuwa madume. Wangali wadogo hula pamoja na dada zao bila ya matata. Lakini wafikapo miezi minne au mitano huanza kuwika, kupigana, na kuwaandama mitetea kutwa. Wahenga walinena ya kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Basi mapora watano watakaaje ua mmoja? Mtetea akimbizwaye hali akashiba, hujificha vichakani, na manyoya ya mgongoni humnyonyoka hata ngozi ikaonekana.

Kwanza, yafaa kuwatambua mapema. Wafikapo juma la nane hivi, upanga wa kichwani mwa pora huwa mkubwa na mwekundu kuliko wa tembe. Baadaye tazameni manyoya yaliyo karibu na mkia: ya pora ni membamba yenye ncha kali, na ya tembe ni ya mviringo.

Pili, watengeni kabla hawajaanza kuwika. Wawekeni katika banda lao, mbali na macho ya mitetea. Ndugu waliokua pamoja, pasipo majike mbele yao, aghalabu hukaa kwa amani mpaka siku ya kuuzwa au kuchinjwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa: ni nani atakayebaki? Nalimjua mama mmoja aliyesikitika kwamba kuku wake wamekuwa wadogo kama kwale. Kila alipotakiwa ada ya shule, au alipofikiwa na mgeni, alimkamata pora mkubwa kuliko wote, maana ndiye mwenye bei. Aliyebaki mwisho alikuwa yule dhaifu asiyetakiwa na mtu, naye akawa baba wa vifaranga wote wa mwaka uliofuata. Kumbukeni, koo ni mama wa vifaranga wake tu, lakini jogoo ni baba wa ua mzima. Kwa hiyo chagueni kwanza aliye bora, mfungeni uzi mguuni awe na alama, kisha ndipo muwauze wengine. Jogoo mmoja awatosha majike kumi.

Nne, jogoo huyo asiwatumikie mama zake na dada zake. Badilishaneni na mtu wa mbali. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: basi huyo mgeni akae peke yake majuma mawili, msije mkauingiza mdondo uani, na kuku wote wapewe chanjo ya ugonjwa huo kwa wakati wake. Tena ngojeni majuma matatu kabla ya kuatamisha mayai, kwa kuwa mbegu ya jogoo wa zamani hukaa mwilini mwa koo siku nyingi. Mayai ya kula hayana haja ya jogoo. Mtetea hutaga hata akiwa peke yake.

Basi kesho asubuhi, mkiwamwagia mtama, wahesabuni mapora wenu, na kabla ya kufikiri yupi wa kuuza, fikirini yupi wa kubaki.