Kufunga, Kuachia na Kukata: Istilahi za Mawasiliano ya Kompyuta



Mradi wa Kilinux ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilidhihirika kwamba Kiswahili kinaweza kubeba menyu za kompyuta. Lililo gumu zaidi ni kuitaja kazi isiyoonekana kwenye kioo.

Programu inapoomba ukurasa kwa itifaki ya HTTP, kwanza hufungua muunganisho na seva. Ufunguzi huo una gharama: pande mbili hupelekeana ujumbe mara tatu kabla ya ombi lenyewe kutumwa. Kwa hiyo toleo la 1.1, lililochapishwa mwaka 1997, liliufanya muunganisho kuwa wa kudumu, ili njia ileile itumike kwa ombi linalofuata. Sharti lake ni kwamba programu ilisome jibu hadi mwisho, kisha iufunge mkondo wa jibu. Isipofanya hivyo, muunganisho hubaki umeshikiliwa. Hufunguliwa mwingine, na mwingine tena, hadi kikomo kifikiwe na maombi yakwame.

Hapa ndipo istilahi inapoweza kupotosha. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mkondo na kwa muunganisho. Tukikiiga, mwanafunzi atadhani kwamba kufunga mkondo ni kuipoteza njia, naye atauacha wazi kwa nia ya kuokoa muda. Matokeo yake ni kinyume cha alichokusudia.

Kiswahili kimekwisha kutenganisha dhana hizi. Sisi hufunga bomba, lakini hukata simu. Pale Hale, wilayani Korogwe, ambako maji ya Mto Pangani yalianza kuzalisha umeme mwaka 1964 katika kituo cha megawati 21, lango la maji likifungwa njia ya maji haibomolewi. Hungoja kufunguliwa tena.

Napendekeza, basi, vitenzi vitatu. Mkondo wa jibu *hufungwa*. Muunganisho *huachiwa*, urudi katika akiba. Muunganisho unapositishwa kabisa, *hukatwa*. Ndivyo programu nyingi zinavyofanya mkondo ukifungwa kabla ya jibu kusomwa lote, kwa kuwa mabaki yake yangechanganyika na jibu linalofuata.

Istilahi sanifu haitoshi kufanana na neno la kigeni. Sharti imwongoze mtendaji kwenye tendo sahihi.