Bega Lililogeuka Mguu

Hadi miaka ya 1930, aliyeumia uti wa mgongo na kupooza miguu alilazwa ili afe. Vidonda vya kulalia na maambukizi ya figo viliwamaliza wengi mapema. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alikabidhiwa wodi ya majeruhi wa vita katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kisha akawatoa kitandani na kuwapa michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ambayo Olimpiki ya London ilifunguliwa, washindani 16 wa viti vya magurudumu walilenga shabaha kwa upinde palepale hospitalini. Wengi huikumbuka siku hiyo kama chimbuko la Paralimpiki. Mimi naisoma kama cheti cha dawa. Upinde huvutwa kwa misuli ya nyuma ya bega na ya mgongo, na misuli hiyo ndiyo inayopuuzwa mpaka leo.

Hoja yangu ni kwamba kwa aliyepooza miguu bega limegeuka mguu, na utengamao wowote usiolilinda maisha yake yote haujakamilika. Kiungo cha bega kimeumbwa ili mkono ufike mbali, si kubeba mwili: kichwa cha mfupa ni kikubwa kuliko kishimo chake, na kinachokishikilia hasa ni misuli na kano. Sasa kinasukuma magurudumu maelfu ya mara kwa siku, na kila anapohama kutoka kitandani kwenda kitini kinabeba kiwiliwili. Kuna atakayeuliza: mikono inayofanya kazi kutwa, mazoezi ya nini tena? Swali ni la haki, ila kusukuma hujenga kifua na mbele ya bega, nyuma hubaki legelege, bega likavutwa mbele na kano zikabanwa. Udhaifu wa upande mmoja hautibiwi kwa kupumzisha pande zote mbili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2011 uliwapa watumiaji wa viti vya magurudumu wenye maumivu ya bega mazoezi ya nyumbani kwa wiki 12, pamoja na njia bora za kusukuma na kujihamisha. Maumivu yao yalipungua sana kuliko ya wenzao walioonyeshwa video ya mafunzo tu. Moyo nao haushibi msukumo wa polepole wa kila siku. Mwongozo wa kimataifa wa 2018 kwa walioumia uti wa mgongo unataka angalau dakika 20 za mazoezi ya kuhemesha mara mbili kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu. Anayetaka kulinda moyo na sukari ya damu afikishe dakika 30, mara tatu.

Vifaa si kisingizio. Tyubu ya baiskeli iliyochakaa, ikikatwa ukanda na kufungwa kwenye nondo za dirisha usawa wa kifua, inatosha: breki za kiti zifungwe, viwiko vivutwe nyuma hadi makombe ya mabega yakaribiane, mara nane hadi kumi, seti tatu.

Hatari ipo, na ni nzito zaidi kwa walioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu. Shinikizo la damu laweza kupanda ghafla, kichwa kikagonga, uso ukatoka jasho, na mara nyingi chanzo ni mpira wa mkojo uliojikunja. Mgonjwa aketishwe wima, nguo zilegezwe, mpira ukaguliwe; lisiposhuka upesi, hospitali. Kwa aliyeumia shingo, mapigo ya moyo hayapandi kama ya wengine, hivyo kipimo kiwe pumzi: aweze kuzungumza, asiweze kuimba.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa familia: mkifundisha mikono, mmeikatia tamaa miguu. La hasha. Ambaye uti wake haukukatika kabisa afundishwe kutembea, na kwa bidii. Lakini hata yeye atakwenda chooni leo jioni kwa mikono. Kwa hiyo siku mgonjwa anapopewa ruhusa, karatasi yake iandikwe mazoezi ya bega na tarehe ya kukaguliwa, kando ya dawa za mkojo.