Mali Bila Daftari Hupotea: Mazungumzo na Vyama vya Wazazi Kuhusu Kuchangia Shule



Kila mzazi anaufahamu mkutano wa mwanzo wa muhula. Mwenyekiti husimama akaeleza kwamba tangi la maji limepasuka, madawati hayatoshi, au choo cha wasichana kimejaa. Kisha hutaja kiasi: kila mzazi atoe shilingi 300. Wenye nazo hutoa siku ile ile, na wengine huahidi. Wiki ya tatu, mtoto wa Gredi ya 4 anarudi nyumbani asubuhi, mkoba mgongoni, kwa kuwa jina lake halijawekwa alama kwenye orodha. Mama yake ana kuku wanne, ana nazi shambani, ana mikono ya kufanya kazi. Asichokuwa nacho ni shilingi 300 taslimu.

Shule inahitaji tangi, na mtoto anahitaji kuwa darasani. Hakuna sababu ya kimoja kununuliwa kwa kingine.

Sheria inasemaje

Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kila mzazi mwenye mtoto katika shule ya umma ni mwanachama wa chama cha wazazi. Chama kina kazi ya kutafuta njia za kupata fedha za kujenga na kutunza shule, na kuwashauri wazazi kuzihusu. Lakini sheria hiyo hiyo imeweka mipaka. Shule ya umma haitozi karo ya masomo. Malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri wa Elimu kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mtoto hazuiwi kuhudhuria masomo kwa sababu mzazi hajalipa malipo hayo. Na anayepokea pesa lazima atoe risiti.

Kwa hivyo mchango ni wa hiari. Ukigeuka kuwa sharti la mtoto kuingia darasani, si mchango tena.

Kabla ya kuomba hata shilingi moja

Kamati iulize kwanza: kazi hii ni ya nani? Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali ya kaunti. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mzazi anayetaka darasa la chekechea alete hoja hiyo kwenye vikao vya umma vya bajeti katika wadi yake. Huenda wazazi wakachangia jambo ambalo tayari limetengewa pesa.

Baada ya hapo, mradi upewe jina, kipimo na bei. "Maendeleo ya shule" hayana mwisho na hayakaguliki. "Tangi la lita 10,000, mifereji ya paa na msingi wa saruji" ni jambo ambalo kila mtu anaweza kulitazama likikamilika.

Njia za kuchangisha

Siku ya mazao. Mzazi alete alichonacho: debe la mahindi, nazi, maembe, mayai, jogoo, mkeka. Vitu vipigwe mnada mbele ya wote. Jogoo mmoja huweza kuuzwa mara tatu, kila mnunuzi akimrudisha kwa moyo mkunjufu. Mama aliyeleta nazi kumi anaandikwa daftarini sawa na aliyeleta noti.

Siku ya kazi. Kuchimba msingi, kusomba mchanga na kupaka rangi ni gharama halisi. Kamati ikubaliane mapema thamani ya kazi ya siku moja kulingana na ujira wa hapo kijijini, kisha imwandikie mzazi kiasi hicho kama mchango wake. Mafundi seremala na waashi hupatikana karibu kila kijiji, na wengi wao wana watoto katika shule hiyo.

Viti na hema vya kukodisha. Harambee ya siku moja huleta pesa mara moja. Viti huleta pesa kila kwenye harusi na matanga. Ikiwa kiti kinakodishwa kwa shilingi 10, viti 100 vikitoka mara tatu kwa mwezi ni shilingi 3,000, na kwa mwaka ni shilingi 36,000 kabla ya kutoa gharama za usafiri na matengenezo. Si pesa nyingi, lakini haziombwi kwa mzazi yeyote.

Tamasha la shule. Watoto waimbe, wacheze ngoma, wakariri mashairi na kushindana mpirani. Kiingilio kiwe kidogo, na wazazi wauze chai, mahamri na viazi karai. Tarehe ipangwe wakati watu wana pesa, kama vile baada ya mavuno, si katikati ya kiangazi.

Wanafunzi wa zamani. Wako Mombasa, wako Nairobi, wengine wako ng'ambo. Wengi wangependa kuchangia ila wanaogopa kutuma pesa kwa simu ya mtu binafsi. Nambari ya malipo iliyounganishwa na akaunti ya benki ya shule huondoa hofu hiyo.

Kamati inayotaka kuomba michango kwa umma, kama vile sokoni au barabarani, ijue kwamba sheria inahitaji kibali. Ianze kwa kuuliza katika ofisi ya chifu.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Harambee haikuanza jana. Tangu mwito huo ulipotiwa nguvu na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1963, wananchi wamejenga shule nyingi kwa mikono na mifuko yao. Michango mingi haifi kwa sababu watu ni wachoyo. Hufa kwa sababu mwaka uliopita walitoa, na hawakuambiwa pesa zilikwenda wapi.

Mambo manne yanatosha. Kwanza, kila mchango upewe risiti, hata wa shilingi 20, hata wa kuku. Pili, pesa ziwekwe benki, na zisitolewe bila saini za watu zaidi ya mmoja. Tatu, anayenunua vifaa asiwe ndiye anayevipokea na kuvihesabu. Nne, karatasi moja ibandikwe kwenye ubao wa shule kila mwezi: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Iandikwe kwa lugha ambayo nyanya anayemlea mjukuu wake anaweza kusomewa akaielewa.

Karatasi hiyo isiwe na orodha ya wasiochangia. Aibu humfanya mzazi aache kuja mikutanoni, na mzazi asiyekuja hachangii pesa wala wazo. Asiye na uwezo azungumze na mwakilishi wa darasa faraghani, na jambo hilo liishie hapo.

Mwisho

Mvua ijayo itakaponyesha, tangi litajaa kwa maji ya paa lile lile. Maji hayatajua ni mzazi gani alileta noti na ni nani alileta nazi. Mtoto wa Gredi ya 4 atafungua mfereji anywe, kisha arudi darasani alikokuwa tangu asubuhi.