Katlesi za Kaa za Maryland na Namna ya Kuzipima

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, Baltimore



Kamati ya maandalizi ilinikabidhi kazi ambayo baadhi yenu mliichekea: kuonja katlesi za kaa za jimbo hili la Maryland, za mikahawani na za madukani, kisha kutoa rai ni zipi zinazostahili karamu yetu ya kesho. Nadhani niliteuliwa kwa sababu sehemu kubwa ya utumishi wangu serikalini, huko nyumbani, niliitumia kukagua mizani na vipimo vya wafanyabiashara. Jambo lenyewe si la mzaha. Fedha zitakazotumika ni michango yenu, na chakula hiki si mara chache huuzwa kwa jina lisilo lake.

Kwanza, tumjue kaa mwenyewe. Kaa wa buluu wa Ghuba ya Chesapeake alipewa jina la kisayansi, Callinectes sapidus, na mtaalamu Mary Rathbun mwaka 1896. Maana yake ni mwogeleaji mzuri mwenye ladha. Yeye na kaa wa mikoko ya kwetu ni wa familia moja. Miguu yao ya nyuma imepanuka mfano wa makasia. Misuli iendeshayo makasia hayo ndiyo hutoa mapande makubwa meupe ambayo bei yake ni ya juu kuliko yote. Baada yake huja minofu midogo ya kifuani, na mwisho nyama ya magando, ambayo ni ya hudhurungi, ina ladha nzito, na bei yake ni nafuu. Kaa huyu huvuliwa hapa kuanzia Aprili hadi Desemba. Wakati wa baridi kali hujifukia matopeni. Basi mwuzaji akikuapia mwezi wa Februari kwamba kaa wake ametoka ghubani asubuhi hiyo, una haki ya kumwuliza maswali.

Pili, katlesi yenyewe. Mtu wa Pwani akisikia neno katlesi hufikiri viazi. Ya hapa, ambayo wenyeji huiita keki ingawa haina sukari, haitiwi viazi. Ni mnofu wa kaa, yai, mayonezi, haradali, chenga chache za biskuti za chumvi, na viungo. Kiungo mashuhuri kiitwacho Old Bay kilibuniwa na Gustav Brunn, Myahudi aliyekimbia utawala wa Wanazi huko Ujerumani na kuanza biashara ya viungo hapa Baltimore mwaka 1939. Leo ladha hiyo ya mkimbizi ndiyo wenyeji waionayo kuwa ladha ya kwao. Na mnofu huchambuliwa kwa mkono, kisu kidogo na subira. Katika Kisiwa cha Hoopers kazi hiyo kwa miaka mingi imetegemea wanawake kutoka Mexico wanaokuja kwa viza za msimu. Nayasema haya ili tujue ni mikono ya nani tunayoila jasho lake.

Tatu, mashindano. Tulinunua sampuli nane: tatu za mikahawani, mbili za vibanda vya sokoni, na tatu za supamaketi. Ziliwekwa katika sahani zenye namba tu, pasi na majina. Waamuzi tulikuwa watano: shangazi yetu mkubwa, shemeji yangu, vijana wawili, na mimi. Tulitoa alama kwa mambo manne: ukubwa wa mapande, wingi wa chenga, kiasi cha viungo, na upishi.

Ya kwanza ilikuwa ya kibanda cha sokoni. Ilichomwa kwa moto wa juu, bila kuzama katika mafuta. Mapande yalionekana kwa macho, na ilishikana kwa shida, jambo ambalo katika chakula hiki ni sifa. Ya pili iliwashangaza vijana: ilikuwa ya meza ya samaki ya supamaketi, iliyonunuliwa mbichi na kupikwa nyumbani. Mkahawa wenye bei ya juu kuliko wote ulipata nafasi ya tano, kwa kuwa viungo vilizidi hata kaa asisikike. Ya mwisho ilikuwa ya boksi la friza. Sheria ya Marekani hutaka vilivyomo viorodheshwe kwa kufuata uzito, kizito kikitangulia. Katika boksi lile chenga za mkate zilitajwa kabla ya kaa. Mwenye kusoma lebo hahitaji kuionja.

Nne, na hili ndilo kubwa, ni suala la jina. Sampuli iliyokuwa ya tatu, ambayo shangazi aliipa alama nyingi kuliko sote, ilitengenezwa kwa mnofu wa kopo kutoka Indonesia, na mwuzaji alilisema hilo wazi. Ilikuwa tamu. Kaa mgeni hana kosa. Kosa ni la anayemficha asili yake ili alipishe bei ya mwenyeji. Mwaka 2015 shirika la Oceana lilipima vinasaba vya katlesi 90 zilizouzwa katika eneo hili kama za kaa wa Chesapeake, na asilimia 38 zikakutwa na kaa wa spishi nyingine. Sheria ya kutaja nchi ya asili haiwabani wenye mikahawa. Aidha, maneno “mtindo wa Maryland” hutaja upishi tu. Hayasemi kaa alivuliwa wapi. Tangu 2012 serikali ya jimbo ina mpango uitwao True Blue wa kuwatambulisha wanaotumia kaa wa Maryland. Tafuteni alama yake, na pasipokuwa nayo, ulizeni.

Rai yangu kwa kamati ni hii. Tununue mbichi kutoka meza ya samaki, kwa mwuzaji aliyetueleza asili ya kaa wake, nasi tuzichome wenyewe. Bei itakuwa nafuu kuliko ya mkahawani, na hatutakuwa na wasiwasi wa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa nyama ya nguruwe. Kwa wazee wasiokula kaa kwa sababu ya dini au mwili, ziwepo katlesi za samaki, tena ziwekwe sahani ya mbali na kijiko chake. Na kila sahani iandikwe kwa ukweli kilichomo, kwani hatuwezi kudai kwa mwuzaji uaminifu tusioutimiza mezani petu.

 Mwenyezi Mungu atukutanishe tena kwa afya.